Shoka Lililogeuza Uso

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita, 1974

Kutwa nzima kunoa. Tupa imekwisha makali, karibu nayo ninoe. Nimehesabu meno ya msumeno, kama kawaida. Nimekosea, kama kawaida.

Amisi kaja na mafuta ya mawese ya kupaka msumeno. Kaja na maneno pia. Amisi ni kaka wa mke wangu Zaina, na huu ni mwaka wa tisa tunapasua mbao pamoja. Mimi nasimama juu ya gogo, yeye yuko shimoni chini yake. Mimi nafuata mstari, yeye anavuta. Watu wa Kindu wakiona mmoja wetu peke yake sokoni, wanauliza mwenzake kafa lini.

Kazi mpya imepatikana. Paluku, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, anajenga boti ya mizigo. Anataka mbao za mvule, ndefu, zisizo na fundo. Fundi wake wa boti anaondoka mwisho wa mwezi wa saba, kwa hiyo anataka mbao upesi. Amesema tukichelewa atawapa kazi wale ndugu wawili wa ng'ambo. Wale! Mbao zao utadhani zimetafunwa.

Sipendi kuharakishwa. Lakini mimi mwenyewe ni mtu wa haraka, basi nimekasirika bure.

Jumatano, tarehe 5

Tumevuka mto asubuhi kwa mtumbwi mpaka Alunguli, tukatembea nusu siku kutoka hapo. Begani msumeno unayumba kila hatua.

Mvule tumeuona. Watu wawili hatuwezi kuukumbatia, hata wanne sina hakika. Umenyooka mpaka juu kabla ya tawi la kwanza. Nilipouona niligeuka mtoto, nikaupiga kofi. Amisi kanikaripia.

Mwenye msitu ni mama mmoja, Mama Asumini. Si mzee, umri wake ni kama wangu. Aliachiwa msitu na baba yake kwa sababu kaka zake wote walikwenda Kisangani. Mdomo wake una makali kupita shoka langu. Kaniuliza kama ninajua kuangusha mti au kama najua kuutazama tu.

Jioni kafanya desturi ya kwao. Kachukua shoka letu, kaliegemeza kwenye shina, kichwa chini, mpini juu. Kataja majina ya wazee wake. Kesho atakuja wa kwanza kulitazama. Likiwa limesimama, mti umekubali. Likiwa limeanguka, mti umekataa, na hatuugusi. Mtu yeyote asipite pale kabla yake.

Amisi kasikiliza kwa adabu yote. Baadaye kaniambia mbele ya wote: “Shemeki, ile shoka ikianguka, miye siingii mu shimo. Hata Paluku aje kunibeba.”

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, tarehe 6

Naandika haya nikiwa nimekaa mbali na wengine.

Alfajiri nilikwenda kijitoni kutawadha. Njia inapita karibu na mvule. Nilisahau katazo, au sikusahau. Shoka lilikuwa chini, limelala kwenye majani.

Sikufikiri. Hiyo ndiyo kweli. Niliona aibu kwanza: kurudi Kindu mikono mitupu, Paluku akituuliza, nikimjibu kwamba shoka lilianguka. Niliwaona wale ndugu wawili wakicheka. Nikaliinua, nikaliegemeza tena, nikaenda zangu. Halafu nikaswali. Nimeswali na uongo bado uko mkononi. Ajabu yangu mimi.

Kumekucha, tumekwenda sote. Mama Asumini kaliangalia shoka kwa muda mrefu. Kalizunguka. Nikaanza kutoka jasho, na asubuhi za kiangazi hiki ni baridi.

Kumbe jana yeye aliliweka makali yakitazama mto. Mimi kwa haraka yangu nimeliweka yakitazama kijiji.

Kasema: “Haikuanguka. Lakini imegeuza uso. Sijaona hivi, na baba yangu hakuniambia.” Kafikiri. Mwisho: “Muti imekubali. Ila iko na kitu inaficha.”

Amisi kamshukuru Mungu kwa sauti. Tumeanza kukata saa tatu.

Ijumaa, tarehe 7

Msikiti wa kijiji una nafasi ya safu tatu. Nilikaa ya mwisho. Hotuba sikuisikia hata neno.

Siamini mambo ya shoka. Upepo huangusha shoka, panya pia. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo, na kitu kinachotaka kuambiwa mara nyingi kina kasoro.

Jumamosi, tarehe 8

Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Hata huku msituni chifu kapokea amri ya Chama, na wageni hawasamehewi. Tumefyeka kando ya barabara ambayo hakuna gari linalopita. Siku imepotea. Nilifyeka kwa hasira, nikamaliza kipande changu na cha jirani.

Jumatatu, tarehe 10

Umeanguka.

Saa nane hivi shina lilipiga kelele ndani, ile ya kwanza ambayo mpasuaji anaisikia kwenye magoti. Tukakimbia. Umelala pale pale nilipotaka, kwenye ule uwazi, haukuvunja hata mgomba mmoja wa Mama Asumini. Ardhi imetikisika, halafu ndege wote wakasema kwa pamoja.

Nimefurahi sana. Nimempigia Amisi kelele: unaona? Yeye alidhani nasifu mti, kumbe nalijibu lile shoka.

Alhamisi, tarehe 13

Kukata magogo, kuchimba shimo, kuviringisha. Vijana sita wa kijiji wametusaidia na miti ya kusukumia. Gogo la kwanza limekaa juu ya shimo, limelalia miti minne ya kukingama, na kabari pande zote mbili zisiliache liviringike. Mgongo wangu si wangu tena.

Jambo moja nimeliona leo. Miaka yote hii, kabla ya kushuka, Amisi hugusa kila kabari kwa mkono wake. Anaipiga kwa kisigino, anaisukuma, anarudia. Nimekuwa nikimtania kwamba anasalimia kabari kuliko anavyosalimia wakwe. Leo hakugusa hata moja. Kashuka moja kwa moja, anaimba.

Nimemuuliza kwa nini. “Hii muti imekubali, shemeki. Ya nini kuisumbua?”

Nimezigusa mimi. Lakini mimi si mzuri wa kabari. Kila mtu na kazi yake.

Jumatatu, tarehe 17

Mbao za kwanza. Nimepiga mstari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri za tochi, kama kawaida yetu. Uzi umelia vizuri. Msumeno umeingia.

Mbao ni nzuri. Rangi ya asali mwanzoni, ikikaa juani inageuka kahawia. Hazina fundo. Paluku ataimba.

Mimi siimbi. Nasimama juu, nasikia Amisi chini anakohoa vumbi, anavuta, anaimba tena. Kila msumeno ukikwaruza kidogo moyo unaruka. Leo nimesimamisha kazi mara tano kuangalia kabari. Amisi kaniuliza kama naumwa tumbo.

Jumatano, tarehe 19

Jiwe.

Gogo la pili, mstari wa tatu. Msumeno ulitoa sauti mbaya, nikahisi mikononi mpaka kwenye meno yangu ya kinywani. Tumeutoa. Meno saba yamelala upande mmoja, mawili yamekatika kabisa. Ndani ya mti kuna jiwe, jeupe, kubwa kama ngumi. Mvule huwa na mawe mara chache, wapasuaji wote wanajua. Nimekutana nayo mara mbili maishani. Mti unajeruhiwa ukiwa mdogo, unaziba kidonda, na jiwe linakua humo ndani, hakuna anayeliona.

Najua sababu yake. Sababu hainisaidii.

Mama Asumini kaja kutazama. Hakushangaa hata kidogo. “Njo ile,” kasema. “Njo ile ilikuwa inaficha.” Kaomba jiwe, kalifunga kwenye kitenge chake, kaondoka nalo. Kijiji kizima sasa kinasema habari ya shoka lililogeuza uso. Wanawake wanakuja kulitazama shoka letu. Mmoja kaniuliza kama anaweza kuligusa.

Nimetaka kupiga kelele. Nililigeuza mimi! Mkono wangu huu! Nimempa aliguse.

Alhamisi, tarehe 20

Kunoa tu. Meno mawili yaliyokatika hayarudi, msumeno utakuwa kibogoyo mpaka mwisho. Amisi kakaa kando yangu, anasimulia upya habari ya shoka kwa mtu ambaye ameshaisikia. Kila akisimulia, shoka linageuka zaidi. Leo limeshakuwa linageuka mbele ya macho yake.

Jumamosi, tarehe 22

Kindu. Salongo asubuhi, karibu na stesheni, tunafagia reli. Paluku kapita na abakosi yake mpya, lile koti la Chama lisilo na tai, kola imefungwa mpaka kidevuni, jasho tele. Kauliza mbao. Nimemjibu vibaya. Baadaye nimemwomba radhi. Hakuelewa kosa wala radhi.

Nyumbani Zaina kapika wali na samaki. Nimekula kidogo. Kaniuliza hali ya kaka yake, kama bado anakohoa. Nimesema anaimba. Kacheka, kasema kaka yake akiimba kazini ujue haogopi kitu.

Nimeondoka mezani. Nimekwenda kusimama uani, nikarudi, nikaenda tena. Zaina kafunika sahani yangu.

Jumanne, tarehe 25

Nitaandika, hata kama sitaki.

Msumeno umenasa, kwa sababu ya lile pengo la meno. Nimevuta kwa nguvu, kwa hasira, kwa haraka yangu ya siku zote. Kabari ya upande wa mto imeteleza. Gogo limeviringika. Si sana. Upana wa kiganja. Lakini gogo la mvule likisogea kiganja kimoja, mtu aliye chini anaona mbingu imesogea.

Nimeruka. Nimeita jina lake. Hakujibu, nimeita tena. Halafu kakohoa.

Mti wa kukingama umelizuia gogo. Mpini wa chini wa msumeno umempiga Amisi begani, umechana ngozi, bega limevimba. Mfupa mzima, nadhani. Nimemtoa kwa mikono yangu. Nilikuwa nalia, sijui kama kaona, uso wake ulijaa vumbi la mbao.

Kakaa chini, kanywa maji, kapumua. Kisha kasema, na nayaandika kama alivyoyasema: “Mungu ni mukubwa. Njo unaona, shemeki? Kama hii muti ilikataa, leo mungenizika.”

Kesho anataka kurudi shimoni.

Jumatano, tarehe 26

Nimesema bega lipumzike. Kakubali kwa siku moja. Nimezunguka msitu mzima bila kazi.

Alhamisi, tarehe 27

Nimesema.

Alikuwa ameshaanza kushuka. Mguu mmoja shimoni, mwingine juu. Hakugusa kabari. Nikamwambia apande. Nikamwambia shoka lilikuwa chini. Nililikuta limeanguka, nikalisimamisha, na ndiyo maana liligeuza uso.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejitayarishia matusi, hata ngumi. Alikaa kwenye ukingo wa shimo. Alitazama gogo, akatazama mkono wangu, mkono tu, si uso.

Akasema: “Kumbe nilikuwa chini ya muti yenye ilikataa. Na weye ulikuwa unajua. Siku zote zile.”

Nilianza kueleza. Paluku, wale ndugu, fundi wa boti, upepo, panya. Niliyasikia maneno yangu, nikanyamaza katikati.

Kachukua kitambaa chake na chupa ya mawese. Msumeno kauacha. Kaondoka kwa njia ya mto, bega moja juu kuliko lingine.

Ijumaa, tarehe 28

Mama Asumini naye ana haki ya kujua. Nimekwenda kwake baada ya swala, nimesema yote nikiwa nimesimama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Nimemuuliza nifanye nini, niliegemeze shoka tena kwenye kisiki, au nitoe kuku, aseme tu.

“Utauliza nani sasa?” kasema. “Yenye ilikuwa ya kujibu, ulishaikata.”

Kaendelea na mchele. Kisha kasema niondoke kwenye mwanga wake, haoni mawe.

Jumapili, tarehe 30

Nyumbani. Zaina anajua, kaambiwa na kaka yake. Chakula kanipa. Maneno hakunipa. Bora angenipa maneno na kuninyima chakula.

Nimemwambia siamini mambo ya shoka mpaka leo. Hapo ndipo kasema: “Wewe hauamini. Lakini ni nani alikuwa chini?”

Nimelibeba swali hilo siku nzima. Nilikuwa na haki ya kutoamini kwa mwili wangu. Nimeutumia wa Amisi. Nimejidharau, na naona ni sawa.

Paluku hatapata mbao kwa wakati. Nimempelekea habari kwamba akitaka awape kazi wale ndugu. Nilidhani itaniuma. Haikuuma hata kidogo.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Nilivuka peke yangu kukusanya vyombo. Msumeno, tupa, uzi, shoka. Nilitaka kumaliza kabla ya jua kuwa kali.

Nimemkuta Amisi pale. Alitangulia. Amechonga kabari mpya, nne, za mti mgumu, kazipanga kwenye majani kwa urefu. Bega limefungwa kitambaa.

Hakunisalimia. Kazipigilia moja moja. Kapiga kwa kisigino, kasukuma, karudia. Kaenda upande wa pili, karudia. Imechukua muda mrefu, na mimi nimesimama na uzi mkononi kama mgeni.

Alipomaliza hakushuka. Kapanda juu ya gogo. Kasimama mahali pangu, kanyoosha mkono kuomba uzi.

Nikampa. Nikashuka mimi.

Alhamisi, tarehe 4

Siku ya nne chini.

Vumbi linaingia machoni, masikioni, kinywani. Ladha yake ni chungu. Shimo lina unyevu. Mstari sioni, naona ufa mwembamba wa mwanga tu, navuta pale Amisi anapopeleka. Hajazoea juu. Mbao mbili zimepinda. Sikusema kitu.

Bado hatuongei sana. Leo kaniambia “Polepole”, na baadaye kaniambia “Maji”, akanishushia kibuyu. Mama Asumini kapita na kikapu, kachungulia shimoni, kaniona ni mimi, kaenda zake.

Nikiinua macho, gogo limefunika kila kitu. Kinachoonekana cha mtu wa juu ni ncha za nyayo zake, pale zinapotokeza kwenye ukingo. Nyayo za Amisi zina nyufa, kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Nikiziona zimetulia, navuta. Zikisogea, moyo unasimama kidogo, halafu navuta.

Miaka tisa alikuwa anatazama zangu.